Madoa ya Kifuani

Vuilbaai,
4 Machi 2012

Mwanangu Elroy,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu siku ya Krismasi kimekwisha. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na magoti si habari mpya. Oom Klasie wa gari la mikate anakusalimu. Yeye ndiye atakayeipeleka bahasha hii posta, kwa hiyo ikifika na unga usishangae. Binti yake amejifungua mtoto wa kike, mnene, na sauti yake ukiisikia utadhani ametoka kwenye mashimo ya pengwini wangu. Jumapili nilipita kaburini kwa mama yako nikang'oa magugu. Dada yangu hakupenda vurugu alipokuwa hai, sioni kwa nini avumilie magugu sasa. Ile picha yake uliyoitengeneza kwa karatasi ya ibada ya mazishi, watu bado wanaitaja.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kampuni inaitaka ghuba yetu. Wanataka kujenga hoteli na gati la boti za starehe, kuanzia pale mawe meupe yanapoanza hadi mlangoni kwangu. Nyumba yangu haitabaki, maana ni ya baraza la mji tangu zamani za marehemu mume wangu, Oom Bennie wako, kulinda ndege, na inakwenda pamoja na ufuo. Alikuja bwana mmoja, Meneer Vosloo, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Elroy, Vuilbaai. Alizungumza nami leso ikiwa puani muda wote. Akasema nani atalipa alale mahali panapoitwa Ghuba Chafu, kwa hiyo wataibadilisha jina iitwe Ghuba ya Lulu. Nilitamani kutapika, na tumbo langu limezoea mengi.

Baraza linasikiliza watu mwezi wa Oktoba. Kampuni inasema pengwini hawa si wakazi, ni wapita njia tu kutoka visiwani, leo huyu kesho yule, kwa hiyo hakuna anayefukuzwa. Mimi nasema ni walewale, kila mmoja na shimo lake na mwenzake, mwaka baada ya mwaka. Mwaka jana niliwapiga picha kwa ile kamera uliyoniachia na mwaka huu nawapiga tena. Kadi zote mbili za kamera zimo humu. Picha zangu zinatoka na giza, bahari imelala upande, na lenzi ina chumvi. Wewe ndiyo kazi yako. Zitengeneze zionekane, kisha zifanye kitabu cha kuwawekea wazee wa baraza mezani.

Kula vizuri. Mkate wa dukani wa huko mjini si chakula.

Anti yako,
Drieka


Athlone, Cape Town,
29 Machi 2012

Anti Drieka mpendwa,

Salamu nyingi. Kikohozi kimekwisha, asante. Kazi ni nyingi studio, huu ni msimu wa harusi, ndiyo maana nimechelewa. Mpe Oom Klasie hongera ya mjukuu. Asante pia kwa kwenda kaburini. Nitakuja Pasaka nikipata nafasi.

Bahasha imefika. Anti, niseme ukweli, imefika na harufu. Bosi wangu aliuliza nani ameleta samaki. Nikazipeleka kadi kwenye kompyuta upesi, na nilipofungua picha ya kwanza mwenzangu wa meza ya pili akaacha kula sandwichi yake. Mavi kwenye mawe, mavi kwenye miguu, mavi yamechirizika kifuani, kifaranga kilichokufa kimelala pembeni kama soksi, na katikati yake pengwini amesimama kama bwana harusi. Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa nimejitahidi kusahau.

Usijali, nitazishughulikia. Bahari nimeshainyoosha. Ule ubluu wa kivulini nimeutoa, na migongo yao iliyokuwa nyeusi tii sasa unaweza kuona kila unyoya. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kutwa, Anti. Wanaharusi huja na chunusi, makovu, vidoti vya kuzaliwa, wanaondoka na nyuso kama maziwa, na wananishukuru. Wazee wako wa baraza hawatawatambua hao ndege.

Kijana wako,
Elroy


Vuilbaai,
2 Juni 2012

Elroy mwanangu,

Pasaka ilipita na sikukuona, lakini sikulaumu, barabara ilikuwa mbaya. Mimi mzima. Mafua yalinipata nikayafukuza kwa kahawa na tangawizi. Oom Klasie ameng'olewa jino na sasa anapiga mluzi kila akitamka jina lako. Nimekukaushia samaki wawili, wako kwenye kifurushi pamoja na jamu ya aprikoti. Usiseme kina harufu. Samaki ni lazima wanuke, wasiponuka waogope.

Nakutumia kadi ya tatu. Uliniuliza siku moja napigaje, nikakuahidi kukuambia. Nalala kifudifudi. Ukimwendea pengwini umesimama anakupa mgongo, na mgongo haunisaidii kitu. Ukitambaa kwa viwiko, taratibu, ukatulia, anageuka mwenyewe akutazame kwa jicho moja, halafu kwa jingine, na hapo kifua chote kiko mbele yako. Kifua ndicho ninachokitaka. Akianza kutikisa kichwa upesi upesi rudi nyuma, kinachofuata ni mdomo, nina alama yake mkononi. Siku ya jua kali sipigi, weupe wa kifua unaungua wote kwenye picha. Nasubiri mawingu. Na usiulize naoga mara ngapi. Juzi mmoja alinigeukia akanirushia mavi yake usoni, mengine kwenye lenzi. Nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Kwa kamera nimemkamata vizuri yule ndege ninayemwita Mchungaji, na mkewe. Bibi Ufagio pia, na Karani, na yule mwizi wa majani ya viota. Kila mmoja yuko shimoni mwake, palepale pa mwaka jana. Vosloo amepita tena. Safari hii alileta mpiga picha wake, akapiga uchafu tu, mizoga na mashimo yanayonuka, eti apeleke barazani waone ni jalala gani tunalolilinda. Yule kijana alishika pumzi kila alipobonyeza kamera.

Anti Drieka


Athlone,
17 Julai 2012

Anti Drieka,

Salamu, na pole kwa baridi ya huko. Samaki nimewapokea, nimewala barazani, nje, majirani wakinitazama. Walikuwa watamu. Shuka zangu zote sasa zinanuka moshi.

Picha zinakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Bosi ameitundika moja dirishani, kati ya mabibi harusi wawili, na watu wanasimama kuitazama. Anasema sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Nimechekeshwa na majina yako. Mchungaji, Karani. Unamjuaje nani ni nani, Anti? Mimi nimewatazama wiki nzima, kwangu wote ni bwana mmoja aliyevaa koti.

Kitabu kitakuwa tayari Agosti. Karatasi nene, inayong'aa.

Elroy


Vuilbaai,
9 Septemba 2012

Elroy,

Leo sikuulizi hali.

Kitabu chako kimefika. Nimekifungua mezani, nimevaa miwani, nimenawa mikono kwanza kama mtu anayekwenda kanisani. Nimefungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka mwisho. Kisha nikatoka nje nikakaa na ndege, maana sikuweza kukaa chumba kimoja na kitu kile.

Uliniuliza Julai nawajuaje. Nilikujibu siku ileile, lakini mvua ilikata barabara, barua ikakaa kwenye gari la Klasie chini ya trei za mikate, na juzi ndiyo amenirudishia, imelowa. Jibu lake ni hili. Pengwini wetu wana madoa meusi kifuani. Hakuna wawili wenye madoa yanayofanana, na hayabadiliki mpaka wanakufa. Mchungaji ana matatu yaliyopangana shingoni kama vifungo. Bibi Ufagio amemwagikiwa nayo upande wa kulia. Karani ana moja tu, dogo, kama tone la wino. Hiyo ndiyo sura yao. Wewe umeyafuta. Yote. Umewapaka vifua vyeupe kama sahani za dukani.

Nimechukizwa, Elroy. Sikasiriki, nimechukizwa, kama vile mtu anavyouma tunda akakuta nusu funza. Umetoa mavi kwenye mawe, basi, umenidanganyia mahali pangu. Umeondoa mzoga wa kifaranga, basi, yule mama alisimama juu yake siku mbili lakini basi. Ila kumfuta mtu sura yake na kuiita kazi safi? Nilipaswa kusema siku ile ya mazishi ya mama yako. Lakini hayo tuyaache.

Ulipokuwa na miaka mitano uliwajua wote. Oom Bennie alikubeba mabegani ukawa unawaita kwa madoa yao. Sijui mji umekulisha nini.

Bado ni mapema. Nirudishie picha zilivyokuwa kwenye kadi, zikiwa na giza lake na chumvi yake. Ziko wapi?

Drieka


Athlone,
20 Septemba 2012

Anti Drieka,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini magoti yana nafuu. Hapa hali ya hewa imeanza kuchangamka. Dada Lorraine wa ghorofa ya chini anakusalimu, yule aliyekupa mbegu za maboga. Bosi anaongeza meza nyingine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Anti, mtu akiletewa picha zenye vidoti, akiwa anafuta vidoti miaka kumi na mmoja, mkono wenyewe unafuta. Sikukaa nikaamua. Nilikuwa nakuza picha, naona doa, nafuta, naona doa, nafuta. Nilidhani ni matope. Nilidhani ni mavi. Kila kitu huko ni mavi.

Na tukianza kusemana, niseme na langu. Tulipohamia mjini nilianza shule na koti la Oom Bennie lililokatwa likanitosha. Mwalimu alifungua madirisha. Watoto waliniita Pikkewyn, pengwini, mpaka darasa la saba, na wakiniita walibana pua na kulia kama punda, maana ndivyo pengwini wanavyolia. Mama alilifua koti lile kwa siki, kwa majivu, kwa kila kitu. Harufu haikutoka. Tulipokuja likizo nilikaa ndani ya gari nimefunga vioo, na wewe ulidhani naogopa upepo. Kwa hiyo ndiyo, Anti, nilipoona nafasi ya kuona mahali pale pamekuwa safi mara moja tu maishani mwangu, nilifurahi. Nilikaa mbele ya kompyuta nikifuta mavi nikafurahi kama mtoto.

Hukunieleza habari ya madoa. Na ulichotaka kusema kuhusu mazishi ya mama, kiseme.

Elroy


Vuilbaai,
30 Septemba 2012

Elroy,

Sisi wazima. Mvua imepita.

Habari ya koti sikuijua. Mama yako hakuniambia, na ningejua ningekuja hapo shuleni nikamnusisha mwalimu huyo harufu yenyewe. Pole. Hilo nalisema kwa moyo.

Lakini hujanijibu. Ziko wapi picha?

Drieka


Athlone,
11 Oktoba 2012

Anti,

Hazipo.

Kazi ya studio tunaihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa sababu hakuna mwanaharusi anayerudi kuulizia chunusi zake. Ndiyo desturi yetu pale. Nikimaliza uso, nabonyeza, uso wa zamani unakwenda. Kadi zako nilizifuta nikapigia harusi ya watu wa Mitchells Plain. Nimejaribu kuzirudisha. Nilimpelekea fundi mmoja, akarudisha nusu ya keki na mguu wa bibi harusi.

Nilijua siku niliyosoma barua yako ya Septemba. Nilikuandikia kurasa mbili nzima za mambo mengine ili nisiandike hili.

Nije? Nitaomba ruhusa, nije niwapige upya kabla ya baraza.

Elroy


Vuilbaai,
20 Novemba 2012

Elroy,

Salamu. Oom Klasie mzima, mjukuu wake ameota meno. Sikukujibu kwa sababu usingeweza kufanya kitu. Mwezi wa Oktoba wengi wapo baharini wanakula wanenepe kabla ya kubadilisha manyoya. Ungekuja kupiga picha za mawe matupu.

Baraza limekaa. Nilikwenda na kitabu chako maana sikuwa na kingine, nimevaa gauni la bluu la mazishi. Walikuwa wamemwita daktari wa ndege kutoka chuo, mwanamke mwembamba anayeongea polepole. Akafungua kitabu. Akafungua ukurasa mwingine. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko lolote. Akasema, "Mama, vifua hivi vimeguswa. Siwezi kusema ni ndege gani."

Basi Vosloo akasimama na viatu vyake. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "mimi sina ubishi na huyu mama. Nakubali kabisa ana pengwini mkazi. Ni huyu mmoja. Amempiga picha mara mia." Watu wakacheka, Elroy. Watu ninaokula nao meza ya Bwana wakacheka. Mzee Apollis, ambaye Bennie alimwokoa asizame, alicheka mpaka akatoa leso.

Wameiruhusu kampuni izungushie waya ufuo, na uamuzi wa mwisho ni tarehe ishirini na nane Januari. Baada ya hapo nipakie masufuria. Nimetia kitabu chako chooni, kwenye ule ufa wa mlango unaopitisha upepo wa kusini-mashariki. Karatasi ni nene kweli, ulisema. Upepo haupiti tena.

Usije. Siwezi kukutazama bado, na siwezi kujifanya.

Drieka


Athlone,
16 Desemba 2012

Anti Drieka,

Krismasi njema inayokuja. Nakutumia kadi mpya na kitambaa cha lenzi. Sina la kusema ambalo halitakuchukiza zaidi.

Picha ya dirishani nimeishusha. Bosi aliuliza kwa nini, nikamwambia inanuka.

Elroy


Vuilbaai,
14 Januari 2013

Elroy,

Mwaka mpya mwema. Nilikula peke yangu, kuku, na sikusikitika. Kadi na kitambaa vimefika. Magoti yangu sasa ni ya kuonyeshwa kwenye maonyesho.

Sikiliza upesi, Klasie anasubiri na injini inanguruma.

Wamerudi kubadilisha manyoya. Unakumbuka wanavyokuwa, wamevimba, wamechakaa, manyoya yanadondoka kama godoro lililopasuka. Majuma matatu hawaingii majini, hawali, wanasimama tu. Na wamekwenda kusimama wapi? Kila mmoja mlangoni pa shimo lake, hata lile lililofukiwa. Waliosalia ndani ya waya wamesimama ndani. Waliokuta waya umewazuia wamesimama wameugusa kwa kifua, wanatazama mahali pao. Mafundi wamekuja na mashine ya zege ya kuzidishia nguzo za waya wakakuta wamejipanga, hawasogei, wanauma. Msimamizi amepiga simu mjini mara tano. Vosloo amekuja, akateleza, viatu havina rangi tena. Nilichekea kwenye aproni.

Nimelala kifudifudi kila siku ya mawingu. Wote nimewapata, na waya wao. Mwanzoni hawakusomeka, manyoya yamewaficha. Waliomaliza sasa wana koti jipya na madoa yako palepale. Mchungaji ana vifungo vyake vitatu.

Lakini picha za mwaka huu peke yake hazithibitishi kitu, utasema. Sasa fikiri. Unakumbuka kijana wa Vosloo aliyekuja kupiga uchafu? Zile picha ziko kwenye faili la baraza, mtu yeyote anaruhusiwa kuomba nakala. Nimeomba. Walipiga mavi na mizoga na mashimo ili watu wachukizwe, hawakusafisha hata tone moja kwa sababu uchafu ndio waliokuwa wanauuza. Na mlangoni mwa kila shimo chafu, Elroy, amesimama mwenyewe, kifua mbele. Juni wako pale. Januari wako palepale.

Kadi yangu imo humu, na nakala zao. Zina giza, wale wa kivulini hawaonekani vizuri. Fungua giza. Nyoosha bahari ukitaka. Ziweke mbilimbili, ya kwao na ya kwangu. Kifua usikiguse. Waya usiuguse. Mavi usiyaguse.

Sina mtu mwingine wa kumwomba, ndiyo maana nakuomba wewe.

Drieka


Athlone,
19 Januari 2013

Anti Drieka,

Shikamoo yangu pokea, mengine nitakusalimu ana kwa ana. Naleta hizi mwenyewe kwa basi, barua hii nimeitanguliza ili usishtuke kuniona mlangoni. Unaweza kunifukuza baada ya tarehe ishirini na nane.

Nimeacha kila kitu. Nimefungua giza la kivuli kidogo kidogo mpaka madoa yakatokea, basi, nikaondoa mkono. Kuna moja ya Bibi Ufagio ambapo waya umempita katikati ya kifua na mavi yamechirizika mpaka miguuni. Mkono wangu uliwasha. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikaiacha. Nisikudanganye, bado naona kinyaa. Lakini nimewajua, Anti. Nimekaa nao siku tatu na sasa najua yupi ni yupi, hata yule mwizi. Picha zilivyotoka kwenye kadi nimezihifadhi mahali pake, nilizozifungua giza mahali pake.

Nimenunua viatu vya mpira.

Elroy


Vuilbaai,
10 Februari 2013

Elroy mwanangu,

Natumaini umefika salama na basi halikukutesa. Ulisahau kofia yako, Klasie anaivaa, inamkaa vibaya. Mimi mzima. Leo asubuhi waya wa mwisho umeng'olewa, kama baraza lilivyoamuru. Karani alipita penye shimo la nguzo kabla mafundi hawajalifukia, akachungulia ndani, akaendelea na safari yake.

Uliondoka upesi na mimi sikuwa nimeongea vya kutosha. Pale barazani, daktari wa ndege alipoziweka mbilimbili, akaanza kuhesabu madoa kwa kidole, "huyu ni huyu, huyu ni huyu," nilimtazama Mzee Apollis. Hakucheka. Vosloo akasema picha zile za Juni ni mali ya kampuni na hazikukusudiwa hivyo. Mwenyekiti akamwambia, "Ni kweli, zilikusudiwa kutuchukiza." Nimelirudia neno hilo kwa kila mtu aliyenunua mkate wiki hii.

Usidhani chuki yangu kwa kile kitabu imekwisha. Kiko palepale chooni, na kila nikikaa nakiona. Nitakiacha. Na nyumba yangu ukija utalala ndani, si kwenye gari.

Uliniambia nilichotaka kusema kuhusu mazishi ya mama yako nikiseme. Basi nasema. Siku ile ulipotugawia karatasi za ibada nilikaa benchi la mbele nikamtazama mwanamke yule mzuri kwenye picha, na sikumjua. Ule mdomo ulikuwa wake, macho yake. Lakini mama yako Sofie alizaliwa na kidoti kidevuni, upande wa kushoto, na marehemu mama yetu alipokuwa akituogesha gizani, sisi mapacha, alikuwa anapapasa kidevu ajue yupi amekwisha oga. Wewe ulikifuta. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unalia.

Karatasi ile ninayo, iko kwenye Biblia. Usiku ule niliporudi nilichukua kalamu ya wino nikakirudisha.

Anti yako,
Drieka